Usingizi wa Dawa Wakati wa Kuangaliwa Tumboni

Ikiwa munganga amekuambia kwamba utaangaliwa tumboni kwa mpira mrefu wenye taa, pengine umekwisha kusikia maneno mengi huko mtaani. Mmoja amekuambia kwamba mpira ule hupasua koo. Mwingine amesema kwamba watu huchomwa sindano ya usingizi wasiamke tena. Na wa tatu, aliyekwisha kupimwa, amekushauri usikubali hata kidogo mpaka wakulaze fofofo. Basi, mpira wenyewe ni mara chache sana kumdhuru mtu. Ni ile dawa ya usingizi inayotaka akili, na akili hiyo si ya munganga peke yake. Sehemu yake ni yako, na sehemu nyingine ni ya ndugu atakayekusindikiza. Soma maneno haya kabla ya siku yako, na kama ndugu yako hajui kusoma, umsomee.

Mpira huo ni kitu gani?

Waganga huita kazi hii endoskopi. Mwaka 1868 munganga mmoja wa Ujerumani, Adolf Kussmaul, katika mji wa Freiburg, alitaka kuona ndani ya tumbo la mtu aliye hai. Bomba lake lilikuwa gumu, limenyoka kama fimbo. Nani angeweza kulimeza? Akamtafuta mtu wa michezo, aliyezoea kumeza panga mbele ya watu. Mtu yule aliweza, lakini wagonjwa si wameza panga, na karibu miaka 90 ikapita kabla ya kupatikana chombo cha kumfaa kila mtu. Mwaka 1957 munganga Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika ya Kusini aliyekuwa akifanya kazi Michigan, Marekani, alikuwa na mpira unaopinda, wenye nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha nuru. Aliujaribu kwanza katika koo lake mwenyewe. Mpira wa siku hizi una kamera ndogo kwenye ncha, na unene wake ni karibu sentimeta 1, kama kidole chako kidogo.

Mpira hupita katika njia ya chakula. Haupiti katika njia ya pumzi. Kwa hiyo wakati uko ndani, wewe waweza kupumua sawasawa, ijapokuwa roho yako itakuambia kwamba huwezi. Kuangalia tu huchukua dakika 5 mpaka 10. Munganga aweza kuona kidonda, uvimbe, saratani, au mishipa ya damu iliyovimba katika koo la chakula. Mishipa hiyo huonekana kwa watu ambao maini yao yameharibika, na pia kwa wenye bilarzia ya tumbo ya siku nyingi, kama ilivyo kwa watu wengi wa kandokando ya Ziwa Albert katika Ituri. Ikiwa kuna kazi ya kufanya ndani, kama kuifunga mishipa hiyo isitoke damu, dakika huongezeka.

Je, ni lazima nilale?

Hapana. Wengi hawajui jambo hili. Watu wazima wengi sana, katika nchi nyingi, huangaliwa tumboni wakiwa macho. Mwuguzi hupuliza dawa kooni, jina lake lidokaini, na koo hufa ganzi kwa muda. Utasikia kichefuchefu, machozi yatatoka, mate yatashuka. Yaache mate yatiririke nje juu ya kitambaa, usiyameze. Vuta pumzi polepole kwa pua na kuitoa kwa kinywa, nawe ukiihesabu pumzi yako utashangaa kwamba kazi imekwisha. Kisha utaondoka kwa miguu yako, akili yako yote ikiwa nawe. Ukingoja kama saa moja mpaka ganzi itoke, utaweza kunywa maji na kula.

Basi usimdharau munganga anayekuambia, “Wewe hutahitaji usingizi.” Hakunyimi kitu. Anakuondolea hatari moja. Lakini watoto, na watu wenye hofu kubwa, na wale ambao kazi yao itakuwa ndefu, na mara nyingi wale wanaoangaliwa utumbo mkubwa kutoka chini, hao hupewa dawa. Kwao habari inayofuata ni ya lazima.

Usingizi huu si ule wa usiku

Ukilala nyumbani usiku, mwili wako unajilinda. Mate yakiingia vibaya, utakohoa. Ulimi ukiziba koo, utageuka bila kujua. Mtu akikuita kwa nguvu, utaamka. Dawa ya usingizi hupunguza ulinzi huo wote, kidogo au sana, kwa kadiri ya dawa.

Fikiri habari ya ngazi yenye vidato vinne, ya kushukia kisimani. Katika kidato cha kwanza mtu ametulia tu, hofu imemtoka, anajibu kila neno. Katika cha pili amefumba macho, lakini ukimwita jina lake na kumgusa bega anajibu, na ukimwambia, “Finya mkono wangu,” anaufinya. Katika cha tatu haamki ila kwa kuumizwa, na pumzi yake yaweza kuwa haitoshi. Katika cha nne haamki kwa neno lo lote, na lazima mtu mwingine ampumulie. Katika kazi hii twataka mgonjwa akae katika kidato cha kwanza au cha pili, asishuke zaidi.

Shida ni kwamba ngazi hii haina mahali pa kushikia. Kipimo kile kile cha dawa kitamweka kijana mwenye nguvu katika kidato cha kwanza, na kumshusha mzee mwembamba mpaka cha tatu. Mwenye maini mabovu hukaa na dawa muda mrefu, kwa maana maini ndiyo yanayoivunja na kuiondoa. Mwenye ugonjwa wa mapafu ana akiba ndogo ya hewa. Na mtu anayekoroma sana usiku, hata mke wake anaona pumzi yake inakatika kisha inarudi kwa kishindo, koo lake huziba upesi akipewa dawa hizi. Mtu wa namna hiyo asione haya kulitaja neno hilo. Au mke wake alitaje, kwa maana yeye ndiye anayelijua!

Habari ya kufunga chakula

Hapa ndipo watu wengi hukosa, tena kwa huruma. Mgonjwa ametoka mbali, ni dhaifu, na mama yake anamwonea uchungu. Alfajiri anampa kikombe cha uji kwa siri, akisema moyoni, “Uji si chakula.”

Uji ni chakula. Chai yenye maziwa ni chakula. Ndizi moja ni chakula. Mwenye kulazwa kwa dawa asile kitu kwa saa 6 kabla ya kazi, na kama ni chakula kizito chenye mafuta, kama nyama ya kukaanga au sombe yenye mawese mengi, ni saa 8. Maji matupu aweza kunywa kidogo mpaka saa 2 kabla ya kazi, kisha ayaache pia. Na munganga akikupa saa nyingine kwa sababu ya ugonjwa wako, ufuate neno lake.

Kwa nini twakaza hivi? Mpira unapoingia, tumbo hutaka kutapika. Mtu aliye macho hutapika nje na kukohoa. Mtu aliyelazwa aweza kutapika ndani ya kinywa, na chakula pamoja na maji makali ya tumbo vikaingia katika mapafu. Huweza kumwua saa ile ile, au siku chache baadaye kwa homa ya mapafu. Kikombe kimoja cha uji kimetosha kwa jambo hilo.

Twajua sababu inayowafanya watu kuficha. Wamesafiri siku mbili, wamelipa pikipiki, na wanaogopa kwamba wakisema wamekula watarudishwa nyumbani. Lakini ukisema, utangojeshwa mpaka jioni au kesho, au munganga atakuangalia bila kukulaza. Safari yako haitapotea. Nawe ndugu wa mgonjwa, ikiwa ni wewe uliyempa chakula, wewe ndiwe wa kusema, hata kama ameshapandishwa kitandani.

Mtu anayetapika damu ana shida ya namna yake. Hata kama hajala siku mbili, tumbo lake limejaa damu. Kumlaza yeye ni hatari kubwa, na mara nyingine munganga hutia kwanza mpira wa pumzi katika koo lake ili damu isiingie mapafuni. Ikiwa hospitali haina mtu wa kufanya hivyo, munganga aweza kukataa kumlaza, au aweza kumpeleka hospitali nyingine. Msimgombeze kwa hilo.

Mambo mengine ya kusema

Utaulizwa habari ya pombe. Sema kweli, hata kama ni lotoko, hata kama mchungaji amesimama karibu. Mwombe atoke kwanza. Mtu aliyezoea pombe kali aweza kuhitaji dawa nyingi zaidi kabla ya kutulia, kisha akashuka ghafula, na mwenye kunywa jana usiku ana usingizi wa pombe chini ya usingizi wa dawa. Taja vidonge vyote unavyomeza, pamoja na vile vya sokoni: tramadoli, dawa za usingizi, na dawa za kienyeji za mizizi. Ikiwa unameza dawa ya kifafa, usiiache siku ile pasipo kuuliza. Mwenye kisukari na aulize habari ya sindano yake siku moja mbele. Taja mimba. Taja jino linalotikisika, na jino la bandia ulitoe. Na ikiwa umewahi kulazwa kwa dawa ukapata shida, hilo ndilo neno la kwanza kusema.

Kwa nini watu wawili?

Utakapoingia chumbani utaona watu wawili au zaidi. Mmoja anashika mpira, na macho yake yako kwenye picha ya tumbo lako. Hawezi kutazama midomo yako wakati ule ule. Kwa hiyo lazima awepo mwingine ambaye kazi yake ni moja tu, kuitazama pumzi yako. Haendi kutafuta chupa, haandiki kitabu cha fedha, wala hajibu simu. Ikiwa wamekosekana watu wawili, ni heri kuangaliwa bila usingizi, au kungoja. Waweza kuuliza kwa upole, “Nani atatazama pumzi yangu?” Mwuguzi mwema hatakasirika.

Atakuvika kibano kidogo kwenye kidole. Chombo hicho hupitisha nuru katika ncha ya kidole, na kwa rangi ya damu hujua kama ina hewa ya kutosha. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyeonyesha njia hiyo mwaka 1974, nacho kimeokoa watu wengi. Kwa mtu mzima wa afya namba yake ni 95 mpaka 100. Mahali pa juu kama Bukavu au Butembo yaweza kuwa chini kidogo, basi mwuguzi huiandika namba yako kabla ya dawa, apate kuilinganisha. Ikishuka chini ya 90 kazi husimama mpaka pumzi irudi.

Lakini chombo hiki nacho kina makosa yake. Rangi ya kucha humdanganya, basi futa rangi yako nyumbani. Mkono wenye baridi humdanganya. Tena mwaka 2020 waganga wa Michigan waliandika jambo linalotuhusu sana sisi: kwa watu wenye ngozi nyeusi, mara nyingine chombo huonyesha namba nzuri kuliko ilivyo kweli katika damu. Kwa hiyo namba ya 92 kwetu si ya kupumzikia. Na mtu anayepewa oksijeni puani aweza kuwa na namba nzuri kwa dakika kadhaa hali pumzi yake imekuwa haba sana. Ndiyo sababu mwuguzi huweka mkono juu ya kifua chako, huhesabu, na kukuita jina. Mkono huo haukatiki umeme ukikatika.

Dawa kidogo, kisha kungoja

Dawa inayotumika sana ni midazolamu. Mahali pengine ni diazepamu, ambayo hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Pengine huongezwa petidini kidogo kwa ajili ya maumivu. Kila moja peke yake hupunguza pumzi. Zikiwa pamoja hupunguza zaidi ya unavyodhani, basi zikichanganywa, kila moja hupunguzwa.

Midazolamu huingizwa polepole katika mshipa, miligramu 1 mpaka 2 kwa mtu mzima, na nusu yake kwa mzee. Kisha mwuguzi anangoja dakika 2 kamili au zaidi. Utamwona anatazama saa bila kufanya neno, nawe utafikiri ni mvivu. Siye. Dawa haionyeshi nguvu zake mara moja, na asiyengoja ataongeza, na kuongeza, kisha vipimo vyote vitafika pamoja.

Tena kuna mtego katika vichupa. Kichupa kimoja cha midazolamu kina miligramu 5 katika mililita 5, na kingine kina miligramu 5 katika mililita 1 tu. Maji yake yanafanana. Mtu akivuta mililita 2 za kile kikali akidhani ni cha kwanza, amevuta miligramu 10 badala ya 2. Kosa hili si la nchi maskini tu. Huko Uingereza lilitokea mara nyingi, hata mwaka 2008 wakubwa wa usalama wa wagonjwa wakaziandikia hospitali zao, wakiagiza kwamba vichupa vikali viondolewe katika vyumba vya namna hii. Kwetu mara nyingi kile kikali ndicho tunachopata. Basi mwuguzi huvuta mililita 1 yenye miligramu 5, huongeza mililita 4 za maji ya chumvi, ili kila mililita iwe na miligramu 1, na huandika jina la dawa juu ya sindano. Ukiona wauguzi wawili wanasomeana kichupa kwa sauti kama watoto wa shule, ufurahi.

Sasa neno moja la maana sana. Mara nyingine mgonjwa aliyetulia huanza kupigana. Anatupa mikono, anataka kuung’oa mpira. Watu husema, “Dawa imekwisha nguvu, mwongezeeni!” Pengine ni kweli. Lakini pengine mtu huyo anakosa hewa. Mtu anayezama mtoni naye hupigana. Ukimwongezea usingizi mtu anayekosa hewa atanyamaza, na huenda asiamke. Kwa hiyo kwanza hutazamwa pumzi, taya huinuliwa, mate hufyonzwa, oksijeni hutolewa. Ikiwa bado, mpira hutoka. Habari ya dawa huja mwisho. Nawe ndugu uliye nyuma ya mlango, ukisikia kelele, usiwasihi wamlaze zaidi, wala usitoe fedha kwa ajili ya jambo hilo.

Chumbani lazima uwepo mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono, chombo cha kufyonza mate, na oksijeni. Ikiwa oksijeni yatoka katika mashine ya umeme, iwepo pia chupa ya akiba, kwa maana jenereta huzimika saa isiyofaa. Kuna dawa za kuamsha: naloksoni huondoa nguvu za petidini, na flumazenili huondoa za midazolamu na diazepamu. Lakini zenyewe huisha upesi, na usingizi waweza kumrudia mtu akiwa njiani kwenda nyumbani. Aliyeamshwa hivyo hulindwa saa 2 au zaidi, hata akilalamika kwamba ni mzima.

Katika hospitali nyingi zetu ketamini hutumika pia. Haizuii pumzi sana kama hizo nyingine, lakini huleta mate mengi na ndoto za kutisha. Propofoli ni ya mtu aliyefundishwa kazi ya kulaza wagonjwa. Asiwe naye, isitumike.

Baada ya kuamka

Utalazwa kwa ubavu. Utafikiri umepona usingizi kabla hujapona. Midazolamu hufuta kumbukumbu: utazungumza na munganga, utaitikia vizuri, na jioni hutakumbuka hata neno moja. Kwa hiyo habari ya ugonjwa wako na dawa za kunywa huambiwa ndugu yako mbele yako, na huandikwa kwenye karatasi.

Mpaka kesho yake saa ile ile, usiendeshe pikipiki wala baiskeli, usishike panga, usikae peke yako karibu na moto, usinywe pombe. Usiuze mbuzi wala kutia sahihi karatasi ya shamba. Wako wajanja wanaoijua siku hiyo. Usipande nyuma ya pikipiki kwa safari ndefu, kwa maana mwenye kusinzia huanguka. Ikiwa kwenu ni mbali, lala hospitali au kwa jamaa mjini. Mama mwenye mtoto mchanga, akiisha kuamka vizuri na munganga akimruhusu, aweza kumnyonyesha, lakini usiku ule mtoto alale na mwingine, mama asije akamlalia.

Koo kuuma kidogo kwa siku moja au mbili, na upepo tumboni, si neno. Lakini ukipata maumivu makali ya kifua, ya shingo au ya tumbo, homa, kukohoa na pumzi fupi, kutapika damu, au choo cheusi kama lami, rudi usiku ule ule, usingoje asubuhi. Njoo na ile karatasi yenye majina ya dawa ulizopewa, ili mwuguzi wa zamu ajue cha kufanya.